Wiki moja Uskoti na shemeji: kutoka Dufftown mpaka Islay

Jumamosi

Shemeji kanichukua Glasgow saa mbili asubuhi, katoka Manchester alfajiri kabisa ili asikutane na foleni, macho mekundu ila mdomo haujachoka. Gari ni lake na dereva ni yeye, kwa hiyo tulishakubaliana mapema, viwandani mi ndo naonja, yeye za kwake zinafungwa kwenye vichupa vidogo anazinywa usiku tukishapaki. Huku hawana masihara na hilo, tangu Desemba 2014 kiwango cha dereva kimeshushwa mpaka miligramu 50 za pombe kwa mililita 100 za damu wakati England bado ni 80, yaani toti moja tu ushaanza kuhesabu masaa. Viwanda vyenyewe vimeshazoea, ukisema huyu anaendesha wanamletea vichupa vyake bila maswali.

Sababu ya safari ni ubishi. Mi ni mtu wa wiski ya moshi, zile za kisiwa cha Islay, na shemeji anasema hiyo sio kinywaji, ni dawa ya kuosha kidonda. Yeye anataka tamu, nzito, iliyolala kwenye pipa lililowahi kubeba sheri, ile divai kali ya Hispania, mpaka ikawa na rangi ya chai ya rangi. Kila tukikutana Krismasi tunabishana mpaka dada yangu anatuhamishia barazani na baridi yote ile. Safari tumeipanga kwa haki, kwanza Speyside, bonde la viwanda huku bara, kwake, halafu Islay kwangu.

Tumefika Dufftown jioni. Kamji kadogo, mnara wa saa katikati, barabara nne zinakutana hapo na ndo mji umeisha. Lakini viwanda sasa! Wana msemo wao kwamba Roma ilijengwa juu ya vilima saba na Dufftown imesimama juu ya mitambo saba. Ukishuka kwenye gari tu unapokewa na harufu ya nafaka iliyochemshwa, mji mzima.

Jumapili

Asubuhi Glenfiddich. Hii hata nyumbani kila mtu anaijua, ndo ile chupa ya pembe tatu inayotoka kabatini akija mgeni mzito. Aliyeianzisha anaitwa William Grant, alijenga kiwanda na watoto wake, wavulana saba na wasichana wawili, na wiski ya kwanza ilidondoka kwenye mtambo siku ya Krismasi 1887. Mpaka leo ni mali ya ukoo. Hawa ndo walioanza kuitangaza singo malti nje ya Uskoti kwa nguvu, mwaka 1963, wakati wengine karibu wote walikuwa wanauza zao kwa wachanganyaji, wale wanaotengeneza chupa moja kwa wiski za viwanda vingi.

Hapo niseme kidogo maana watu wengi wanachanganya. Singo haimaanishi pipa moja, inamaanisha kiwanda kimoja. Shayiri iliyooteshwa, maji na hamira, basi, inakenekwa, yaani inachemshwa na mvuke wake unakusanywa, kwenye mitambo ya shaba, halafu sheria inataka ilale kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700 kwa miaka isiyopungua 3, na ikiingia kwenye chupa isiwe chini ya asilimia 40. Ndani ya chupa moja wanaweza kuwa wamechanganya mapipa mia, alimradi yote ni ya kiwanda hicho hicho, na umri unaoandikwa ni wa ile changa kuliko zote humo. Na kuotesha shayiri kwa mtu aliyekulia Marangu sio habari mpya, ndo kile kile kimea cha ulezi cha mbege, unalowesha, unaacha iote kidogo, unaikausha kabla haijala utamu wake wote. Dada aliyekuwa anatutembeza nilipomwambia kwamba bibi yangu alikuwa anafanya hivyo nyuma ya nyumba akataka kujua zaidi kuliko mimi nilivyotaka kujua ya kwake, tukachelewesha kundi zima.

Wiski yenyewe ya miaka 12, kwangu ni tufaha na peya, inapita. Haina kosa lolote na ndo tatizo langu nayo, nikimaliza glasi sina cha kukumbuka. Shemeji naye kasema hivyo hivyo, kwa mara ya kwanza tumekubaliana nikaogopa safari itaishia hapo.

Usiku baa, gari limelala, na hapo mwenzangu kafunguka. Kaagiza Glenfarclas 105, asilimia 60, haijapunguzwa maji. Glenfarclas wako nao kwenye ukoo mmoja tangu 1865, Grant wengine, sio wale wa asubuhi. Shemeji kanusa, kafumba macho, kanywa, kakohoa, kasema "shem, hii ni Krismasi nzima ndani ya glasi."

Nikamwambia weka maji matone mawili.

"Maji ya nini, nimelipia moto."

Ila kaweka, na kweli ile ngumi ya spiriti imerudi nyuma na zabibu kavu zimetoka mbele, chungwa, chokoleti, kitu kama mdalasini. Ni nzuri, sikatai. Lakini nusu glasi tu mi nimeshiba, ni kama nimekula keki ya harusi na ile sukari ya juu yote.

Jumatatu

Leo ndo siku iliyonifurahisha kuliko zote za huku juu na wala hatukuonja kitu. Tumeenda Speyside Cooperage pale Craigellachie, karakana ya mapipa. Unasimama juu kwenye roshani unawaangalia mafundi chini, na hakuna anayekuangalia wewe maana hawana muda. Fundi anagonga mkanda wa chuma kuzunguka pipa, nyundo mkono wa kulia, na pipa linazunguka kama limeambiwa. Hamna gundi, hamna msumari, mbao zinabanana zenyewe, na kwenye kifuniko anapachika jani kavu la tete katikati ya ubao na ubao ili lisivuje. Jani la tete! Pipa linaloshika mali ya mamilioni linazibwa na jani la mtoni. Halafu mengine yanachomwa moto ndani upya, mwali unatoka juu, harufu ya vanila na mkate ulioungua inakufikia mpaka kule juu ulikosimama.

Mapipa mengi pale ni ya Marekani. Sheria yao inasema bourbon, wiski yao, lazima ilale kwenye mwaloni mpya uliochomwa, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja wao hawana kazi nalo, Waskoti wanalinunua. Ya sheri yanatoka Hispania na bei yake sio ya kitoto. Ndo maana zile wiski anazopenda shemeji ni ghali, sio ujuzi tu, ni pipa. Na humo ndani kila mwaka kama asilimia 2 inayeyuka inapotea hewani, wao wanasema hiyo ni fungu la malaika. Shemeji kasema malaika wa Speyside watakuwa wanaamka na hangova.

Mchana tumepita Macallan, jengo lao jipya la 2018 liko chini ya paa la nyasi, kwa mbali unaona vilima tu, ukikaribia ndo unajua kuna kiwanda chini yake. Jengo nimelipenda sana. Shemeji kazunguka kwenye rafu za duka muda mrefu akisoma bei kwa sauti ya chini kama anasoma tanzia, akatoka mikono mitupu.

Jumanne

Mvua. Barabara. Inverness, ziwa la Loch Ness, lile la hadithi ya dubwana, bila dubwana lolote, Fort William, na Oban jioni. Kiwanda cha Oban kiko katikati ya mji, cha 1794, mji umekizunguka mpaka hakina pa kupanukia. Tumekula samaki na chipsi bandarini, usiku tukanywa Oban ya miaka 14 hotelini, chumvi kwa mbali, moshi wa kuhisi tu, na shemeji hajalalamika. Nikanyamaza nisimwamshe.

Jumatano

Meli ya Islay inaondoka Kennacraig, ni gati tu na sehemu ya kupaki, na safari ni zaidi ya masaa mawili. Tumepata ya Port Ellen, na hiyo ndo njia ya kufika Islay kama unaweza kuchagua, kwa sababu kabla haijafunga unapita mbele ya viwanda vitatu vya kusini vimekaa mstari mmoja ufukweni, kuta nyeupe, majina yameandikwa kwa herufi nyeusi kubwa ukubwa wa nyumba. Ardbeg, Lagavulin, Laphroaig. Watu wazima wote wamekimbilia upande mmoja wa meli na simu zao. Na mimi nikiwemo.

Kisiwa kina watu kama elfu tatu na kidogo. Kila gari mnalopishana nalo dereva anainua mkono kukusalimia, kila gari, shemeji mwanzoni kadhani taa zetu zina shida. Baada ya robo saa na yeye anapunga kama mgombea ubunge.

Mchana Laphroaig. Ilianza 1815, na hadithi yao ninayoipenda ni ya Bessie Williamson, alikuja 1934 kama karani wa muda wa kipindi cha kiangazi tu, mwenye kiwanda alipofariki 1954 akamwachia yeye, na akakiendesha mpaka 1972, mwanamke, enzi hizo. Bado wana sakafu yao ya kuoteshea shayiri, sio kwa mahitaji yote, sehemu tu, nyingine wanaagiza. Unaingia chumba kirefu chenye dari ya chini, shayiri imemwagwa sakafuni inapumua, mkono ukiuchomeka ndani ni joto. Halafu wanakupeleka kwenye tanuri na hapo ndo penyewe.

Kule tanuri wanachoma piti. Piti ni udongo mweusi wa majani na nyasi zilizooza kwenye maji kwa maelfu ya miaka, unakatwa kama matofali, unakaushwa na upepo, unachomwa. Islay haina miti ya maana kwa hiyo huo ndo ulikuwa mkaa wao. Moshi unapanda kwenye shayiri ikiwa bado mbichi, unashika kwenye ganda, na kuanzia hapo hautoki, sio kwenye kuchemsha, sio kwenye mtambo, sio baada ya miaka 10 ndani ya pipa. Nimeshika kipande mkononi, chepesi, ukikivunja unaona vijiti na mizizi bado ina umbo lake.

Toti ya miaka 10. Dawa ya kidonda, sawa, na mwani, na moshi, na mwisho utamu mdogo unaokuja umechelewa. Shemeji usiku kafungua kichupa chake, kanusa, kakifunga. "Shem, hii wamemwagia wodi ya majeruhi." Marekani walipopiga marufuku pombe kuanzia 1920, Laphroaig iliendelea kuingia kama dawa, kwa hiyo serikali nzima ilishawahi kukubaliana na shemeji.

Alhamisi

Gari limebaki Port Ellen. Kuna njia ya miguu inayounganisha vile viwanda vitatu, kama kilomita 5 tu mpaka Ardbeg, kondoo upande mmoja na bahari inajitokeza upande mwingine, na shemeji leo hana usukani kwa hiyo hana kisingizio.

Lagavulin ndo wiski yangu, nilijua tokea nyumbani na nimethibitisha. Mbele ya kiwanda kuna kighuba na upande wa pili magofu ya ngome ya Dunyvaig, ilikuwa ya mabwana wa visiwa hivi zamani. Tumeingia ghalani, sakafu ya udongo, baridi ya unyevunyevu, mapipa yamelala safu, na mzee mmoja anatoa wiski kwenye pipa kwa bomba refu la chuma, anamimina kwenye glasi hivi hivi, haijachujwa wala kupunguzwa. Ya kwanza changa, miaka michache tu, imepauka rangi ya majani makavu, moshi wazi, kali, na chumvi. Nyingine ya sheri, imelala miaka mingi. Wenzetu kwenye kundi wote walikuwa wanaisubiri ile kongwe, mi nilitaka kurudia changa. Nasema kila siku na watu wananiona mbishi, umri unalainisha moshi, ukiupenda moshi unalipia miaka mingi ili upewe kidogo zaidi ya kile ulichokuja kutafuta. Ya miaka 16 kwangu ndo mwisho wa mizani, ikipita pale mbao zinaanza kuongea kuliko piti.

Halafu nikamuuliza yule mzee swali lililonileta. Kimea cha Lagavulin na cha Caol Ila, kule kaskazini ya kisiwa, kinatoka sehemu moja, hapo hapo Port Ellen, na moshi wake kwenye vipimo ni ule ule, kama sehemu 35 kwa milioni. Mbona hii ni nzito ina mafuta na ile ni nyepesi? Kasema kipimo kile ni cha shayiri, sio cha chupa. Lagavulin wanakeneka polepole kwenye mitambo minene iliyojazwa, mvuke mzito unavuka. Caol Ila mitambo ni mirefu na haijazwi sana, mvuke mzito unagonga shaba, unarudi chini, unaovuka ni mwepesi. Na harufu za moshi zinatoka mwishoni mwishoni mwa kukeneka, kwa hiyo ile dakika mkenekaji anayoamua basi, sasa tunakata, hatukusanyi tena, ndo inaamua unywe moshi wa aina gani. Hilo jibu kwangu lilikuwa na thamani kuliko toti zote za siku hiyo. Watu wanauliza ina moshi kiasi gani, swali la maana ni wamekata wapi.

Ardbeg tumefika na njaa, wana mkahawa kwenye tanuri la zamani, supu na mkate, tumekula kimya kimya. Kiwanda hiki kilikaribia kufa, kilifungwa 1981, kikafanya kazi nusunusu kuanzia 1989, kikafungwa tena 1996, mwaka uliofuata kampuni ya Glenmorangie wakakinunua. Kimea chao kina moshi mwingi kuliko wenzao wa njia hii, kama 55, lakini kwenye mtambo wa pili wamefunga kibomba kinachorudisha mvuke mzito ndani, ndo maana ya miaka 10 pamoja na moshi wote ule ina ndimu na utamu fulani wa matunda. Ni wiski nzuri sana. Bado mi ni Lagavulin. Shemeji kanywa Ardbeg yote, kaniangalia, kasema "usiandike."

Ijumaa

Barabara ya Port Ellen kwenda Bowmore imenyooka kama rula na inarusha kama uko kwenye boti, kwa sababu imejengwa juu ya piti, chini hakuna jiwe la kuegemea. Pembeni unaona mitaro walikokata, ukuta mweusi unang'aa maji.

Bowmore ni ya 1779, ghala lao namba moja liko chini ya usawa wa bahari, na joto la kiwandani linapasha maji ya bwawa la kuogelea la umma hapo jirani, ambalo nalo lilikuwa ghala la wiski. Watoto wanajifunza kuogelea kwa moto wa pombe na hakuna mchungaji aliyelalamika. Kanisa lao juu ya mtaa ni la 1767 na ni la duara, wanasema ili shetani asipate kona ya kujificha. Wiski yao iko katikati, moshi kidogo, tunda kidogo, mtu wa kuanza ningempa hii. Mi sio wa kuanza.

Bruichladdich upande wa pili wa maji. Ilijengwa 1881, ikafungwa 1994, ikafunguliwa 2001, mashine bado za enzi ya Malkia Victoria, pipa la kukorogea liko wazi juu, ni la chuma cha kusubu. Wanatoa wiski isiyo na moshi kabisa, na papo hapo wanatoa Octomore, yenye moshi kuliko zote, toleo lao moja kimea kilipimwa zaidi ya 300. Nimeonja. Wala haikupigi kama namba inavyotisha, maana kama alivyosema mzee wa jana namba ni ya shayiri. Ni changa, kali, tamu, nzuri, ila nahisi nilikuwa nanywa ubishi wa mtu.

Jumamosi

Asubuhi Caol Ila, chumba cha mitambo kina ukuta wa vioo, mitambo ya shaba ndani, mlango bahari nje, na ng'ambo vilima vya kisiwa cha Jura. Sehemu ya ule moshi mdogo wa Johnnie Walker Black tunayoinywa kwenye send-off zote za Dar imetoka hapa. Miaka 12, nyepesi, majivu, ndimu. Yule mzee alisema kweli, unaisikia tofauti kwenye ulimi, sio kwenye maelezo.

Halafu kanjia kembamba mpaka Bunnahabhain, mwisho wa barabara kabisa. Hawa wako Islay na wiski yao kubwa haina moshi, miaka 12, asilimia 46.3, haijachujwa kwa baridi, yaani mafuta yake hayajaondolewa, na sheri imo ya kutosha. Shemeji alikuwa anaendesha kwa hiyo kainusa tu kwenye glasi yangu, mara tatu, halafu kaenda dukani moja kwa moja bila kuongea na mtu. Karanga, zabibu, chumvi. Hata mimi ningeiweka nyumbani, kwa ajili ya wageni.

Meli ya kurudi tumeipandia Port Askaig. Kwenye buti shemeji ana Bunnahabhain mbili na vichupa vyake vyote vya wiki, vya moshi havijaguswa, kasema ataniuzia. Mi nina Lagavulin 16 na Caol Ila 12. Octomore nimeiacha rafuni, kwa bei ile napata Ardbeg mbili na chenji inabaki.